Chanjo ya Kinondoni na Neno la Serikali

Swali la kama Serikali iwalazimishe watu kuchanjwa au iwaachie wachague wenyewe hurudi kila panapozuka maradhi mapya, na kila linaporudi husemwa kana kwamba ni ugomvi baina ya wenye elimu na wasio nayo. Wenye elimu, yasemwa, huitoa mikono yao, wajinga hukimbia. Kauli hiyo ni nyepesi mno, na mtu aliyeyatazama kwa makini mambo ya Manispaa ya Kinondoni, jijini Dar es Salaam, kati ya mwaka 2020 na 2022, hawezi kuikubali bila ya kujidanganya.

Maana huko Kinondoni lilionekana jambo la kustaajabisha. Mama wa Tandale au wa Hananasif alikuwa akiamka alfajiri, akimfunga mtoto mgongoni, akichukua kadi ya kliniki aliyoihifadhi ndani ya mfuko wa nailoni isirowe mvua, na kwenda kupanga foleni ili mwanawe akingwe na surua, pepopunda, kifaduro na polio. Hapakuwa na mgambo wa kumsukuma wala mtu wa kumtishia faini. Kadi ile ikimpotea, hufadhaika kama aliyepoteza hati ya nyumba. Na mama huyohuyo, alipoambiwa katika nusu ya pili ya mwaka 2021 kwamba imekuja chanjo ya Uviko kwa ajili yake na ya mama yake mzazi, alisema ataangalia kwanza. Wengi waliangalia kwanza. Wiki zikapita, miezi ikapita, na mabomba ya sindano yakabaki ndani ya pakiti zake.

Basi huyu si mtu asiyejua faida ya chanjo. Anaijua kwa miguu yake, kwa jinsi alivyoitembelea. Lililompungukia ni jambo jingine, na ndilo tunalotaka kulizungumza hapa, kwa ajili ya ndugu zetu wa Visiwani ambao wana jamaa katika kila mtaa wa Magomeni na Mwananyamala, na kwa ajili ya maofisa wa Serikali ambao siku moja watatakiwa tena kusimama mbele ya watu na kuwaambia: chanjweni.

Imani ya mama yule kwa kliniki haikuzuka kwa bahati. Mpango wa Taifa wa Chanjo ulianzishwa mwaka 1975. Miaka miwili nyuma yake, mwaka 1973, ilikuwapo kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo kwayo watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa vitabu vidogo, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Yafaa izingatiwe kwamba ndani ya vikundi vile mtu aliruhusiwa kuuliza. Hakupewa tangazo akaambiwa anyamaze. Tangu hapo kliniki ya mama na mtoto imekuwa kitu cha kila mwezi: mizani ileile, muuguzi yuleyule au mdogo wake kazini, na jirani aliyetangulia kuchanjiwa mtoto wake ambaye bado yu hai na anasoma skuli. Mama wa leo alichanjwa na muuguzi aliyemchanja shangazi yake. Chanjo ya mtoto haiji kama habari mpya kutoka juu, ni sehemu ya maisha ya mtaani kama kisima na soko.

Uviko ulikuja kwa njia nyingine kabisa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa katikati ya Machi 2020, na kwa majuma machache wananchi walipewa hesabu. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ile ilikoma, ikiwa imefikia wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja haikuongezwa hata tarakimu moja. Tarehe 3 Mei ya mwaka huohuo, Rais John Magufuli alilieleza Taifa kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara kwa siri na kurudishwa zikiwa na virusi. Watu walicheka, lakini waliposita kucheka walibaki na swali zito: ikiwa maabara ya Serikali yenyewe haiaminiki, na anayesema haiaminiki ni Mkuu wa Nchi, raia ashike lipi?

Haki lazima itendeke hapa. Marehemu Magufuli alipokataa kuwafungia watu majumbani, wakazi wengi wa Kinondoni walimshukuru kwa dhati, na walikuwa na sababu. Mtu anayeuza samaki wa kukaanga Msasani, au anayebeba zege huko Bunju, hana akiba ya wiki mbili. Akifungiwa leo, kesho watoto wake hawali. Walikuwa wakisikia yaliyowapata watu wa Kampala waliofungiwa, na ya Nairobi kwenye amri ya kutotembea usiku. Kwa hiyo heshima aliyoipata katika jambo lile ilikuwa ya kweli, na ndiyo maana maneno yake yaliyofuata yalikuwa na uzito. Tarehe 27 Januari 2021, akiwa Chato, alitilia shaka chanjo za wazungu mbele ya watu wote, na kuionya Wizara isikimbilie kuzipokea. Siku chache baadaye, tarehe 1 Februari, Waziri wa Afya alitangaza kwamba nchi haikuwa na mpango wa kuleta chanjo hizo, na katika mkutano huohuo wa waandishi wa habari kikaonyeshwa kinywaji cha mboga na viungo. Kujifukiza kukawa ndiyo kinga ya Taifa.

Sisi wa Visiwani tunayo kumbukumbu yetu ya miezi ile. Mwishoni mwa Januari 2021 chama cha ACT-Wazalendo kilitangaza kwamba Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, Maalim Seif Sharif Hamad, alikuwa ameambukizwa Uviko. Tarehe 17 Februari akafariki huko Muhimbili, akazikwa Mtambwe, Pemba. Mtu anaweza kuwa alimpenda Maalim au hakumpenda, hilo si la leo. La leo ni kwamba habari ya maradhi ya kiongozi mkubwa wa nchi ilitoka katika chama chake, wakati vyombo vyenye dhamana ya kuwaambia watu hali ya maradhi vilikuwa kimya. Kuanzia siku ile, katika mabaraza ya Unguja na Pemba, na katika boti za Dar es Salaam, watu walijizoeza kutafuta ukweli mahali pengine. Mazoea ya namna hiyo hayaondoki kwa taarifa moja ya Wizara.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi 2021. Mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, aliunda kamati ya wataalamu, na kamati hiyo ikakabidhi ripoti mwezi Mei, ikishauri takwimu zitolewe na chanjo zipokewe. Tarehe 28 Julai 2021, Ikulu ya Dar es Salaam, Rais mwenyewe alikunja mkono wa nguo yake akachanjwa mbele ya kamera, akieleza kwamba yeye ni mama, bibi na mke, na asingejitia hatarini kwa makusudi. Shehena ya kwanza ilikuwa ya dozi 1,058,400 za chanjo ya Johnson & Johnson, zilizotolewa na Marekani kupitia mpango wa COVAX. Serikali ikatamka wazi kwamba kuchanjwa ni hiari.

Lilikuwa tendo la ushujaa, na twasema hivyo bila ya kusita. Lakini lilipungukiwa na jambo moja dogo ambalo lingegharimu dakika kumi. Hakuna aliyewaeleza wananchi kwa nini neno la Februari lilikuwa si neno tena mwezi Julai. Waziri aliyesema Februari kwamba nchi haina mpango wa chanjo ndiye aliyekuwa sasa akihimiza chanjo. Kubadili rai si aibu, na mganga asiyebadili dawa wakati mgonjwa anazidiwa ni muuaji. Hata hivyo mganga huyo humwambia mgonjwa: ile ya jana nimeiacha kwa sababu hii na hii. Mwananchi wa Kinondoni alibadilishiwa dawa usiku, akaamka akakuta chupa mpya kitandani.

Katika pengo lile ndipo lilipoingia jambo la Kawe. Jimbo la Kawe limo ndani ya Kinondoni, na mbunge wake wakati ule alikuwa Askofu Josephat Gwajima wa Kanisa la Ufufuo na Uzima. Kwenye madhabahu yake, Julai na Agosti 2021, alihubiri dhidi ya chanjo, akasema yeye na watu wake hawatachanjwa, akadai kwamba waliozileta wamepewa fedha. Madai hayo ya rushwa hakuyathibitisha, na mtu anayemtuhumu mwenziwe wizi bila ya ushahidi anastahili kuulizwa. Mwezi huo wa Agosti, Waziri wa Afya aliagiza vyombo vya dola vimkamate na kumhoji. Na tarehe 31 Agosti 2021 Bunge, kwa ushauri wa Kamati yake ya Haki, Maadili na Madaraka, lilimfungia kuhudhuria mikutano miwili.

Je, Bunge lilikosea? Kwa kanuni zake lilikuwa na haki yake. Lakini tazama jambo hili kwa jicho la muumini wa kanisa lile, au la jirani yake Mwislamu wa Mikocheni ambaye hamfuati Askofu huyo kwa lolote. Miezi sita nyuma, aliyetilia shaka chanjo alikuwa akisema sawa na Serikali, na waliokuwa mashakani ni wale waliosema ugonjwa upo, barakoa zivaliwe. Sasa aliyetilia shaka anaadhibiwa. Raia huyo hakujifunza lolote juu ya virusi wala juu ya kinga. Alijifunza kwamba ukweli wa afya hufuata upepo wa wakubwa, na kwamba mtu mwerevu hungoja aone upepo unaelekea wapi. Hoja za Askofu zilikuwa dhaifu na zingeweza kuvunjwa hadharani na daktari mmoja mwenye subira, palepale Kawe, akipewa kipaza sauti na muda wa kuulizwa maswali. Zilipojibiwa kwa wito wa polisi, zikapata nguvu ambazo hazikuwa nazo.

Wazee wa pwani hii wanaujua uvumi tangu zamani. Enzi za ukoloni Dar es Salaam ilitishwa na habari za mumiani: watu wa Serikali, yasemekana, wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa. Wakubwa wa wakati ule waliwacheka Waafrika kwa ushirikina wao. Wachache walijiuliza kwa nini uvumi ule ulimtaja daima mtu mwenye sare, gari na sindano, na haukumtaja muuza nazi. Watu waliotawaliwa bila ya kuulizwa walikuwa wakieleza, kwa lugha waliyokuwa nayo, jinsi walivyouona utawala ule: wachukuao bila ya kueleza wanakopeleka. Uvumi wa mwaka 2021 kwamba chanjo inaua uzazi au inapachika kitu mwilini ni mjukuu wa mumiani. Ni uongo, na unafaa kuitwa uongo. Lakini anayetaka kuuzima auangalie unakaa nyumba gani, na ataukuta mara nyingi umepanga pale ambapo swali lilikosa mahali pa kuulizwa.

Kuna wanaosema kwamba haya yote ni porojo, na kwamba dawa ya ukaidi ni amri. Jirani zetu walijaribu. Tarehe 21 Novemba 2021 Waziri wa Afya wa Kenya alitangaza kwamba kuanzia 21 Desemba asiyechanjwa asingehudumiwa ana kwa ana katika ofisi za Serikali. Wakati huo Wakenya waliokuwa wamekamilisha chanjo bado walikuwa wachache, na dozi zenyewe hazikuwa zimefika kila mahali. Mahakama Kuu ikaisimamisha amri hiyo mwezi Desemba kabla haijaanza. Amri inayozuiwa mahakamani huiacha Serikali ikiwa dhaifu kuliko ilivyokuwa kabla ya kutamka.

Hata hapa kwetu ile hiari haikuwa hiari kwa kila mtu. Oman, ambako nusu ya Unguja ina mjomba au binamu, ilitaka kila mgeni anayeingia kuanzia tarehe 1 Septemba 2021 awe amechanjwa. Mwenye kwenda Hija amezoea kwa miaka mingi kuchanjwa homa ya uti wa mgongo kabla ya kupanda ndege, na mwaka 2022 Saudi Arabia ilitaka na chanjo ya Uviko pia. Watu walitimiza masharti hayo bila ya maandamano. Wengine watauliza: mbona basi amri ya mgeni imekubalika? Imekubalika kwa kuwa ilikuwa sharti la safari aliyoichagua msafiri mwenyewe, liliandikwa mapema, lilikuwa sawa kwa tajiri na maskini, wala halikuwa limekanushwa na walewale walioliweka. Amri ya namna hiyo hata sisi hatuipingi. Kwa hakika ipo siku ambapo maradhi yatakuwa makali kiasi kwamba Serikali italazimika kulazimisha, na siku hiyo itahitaji kila chembe ya imani iliyoiweka akiba.

Pana somo la nyumbani ambalo maofisa wengi wamelisahau. Kipindupindu kiliingia Zanzibar mwaka 1978, na tangu hapo kimekuwa kikirudi. Mwanzoni mwa mwaka 2009 iliendeshwa chanjo ya kunywa dhidi ya kipindupindu katika shehia za Unguja na Pemba, miongoni mwake Chumbuni na Mwambe. Watu walipoulizwa kabla, zaidi ya tisa katika kila kumi walisema watainywa ikiwa ni bure. Ilikuwa bure, nayo ilikuwa hiari. Walengwa walikuwa 48,178. Waliokunywa dozi zote mbili ni 23,921, yaani nusu tu. Mtu mwenye haraka angesema nusu ya Wazanzibari walikaidi. Lakini walikuwa wamekwisha kusema ndiyo! Mvuvi aliyeko dago, mama aliyeko shamba, kijana aliyevuka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi, hawa hawakumkataa mtu. Walikuwa mahali pengine siku chanjo ilipokuja. Asiyefika si lazima awe mpinzani, na ofisa anayemhesabu kuwa mpinzani atamtungia amri badala ya kumtungia ratiba.

Jambo hilo lilithibitika Bara mwaka 2022. Ulipoanza mwaka ule Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za nyuma kabisa barani Afrika kwa chanjo ya Uviko. Kabla mwaka haujaisha zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa wamechanjwa. Haikutungwa sheria ya kulazimisha. Chanjo iliondoka hospitalini ikawafuata watu sokoni, vituo vya mabasi, misikitini, makanisani na majumbani; wahudumu wa afya wa mitaa, ambao watu wanawajua kwa majina, wakapita mlango hadi mlango na kujibu maswali, hata yale ya kipuuzi. Takwimu nazo zilikuwa zimeanza kutolewa tena. Wakosoaji watasema, na wana ukweli fulani, kwamba kufikia hapo makali ya maradhi yalikuwa yamepungua na waliokufa walikwisha kufa. Ndiyo gharama ya kuchelewa, na haikuandikwa katika daftari lolote, kwa sababu daftari lilikuwa limefungwa tangu Mei 2020.

Anayedhani mambo ya imani ni ya hisia tupu, na aende Kivu ya Kaskazini, ambako Kiswahili chetu kinasemwa kwa lafudhi nyingine. Ebola ilianza kule Agosti 2018 na ikaua watu 2,287 kabla ya kutangazwa kwisha Juni 2020. Chanjo ilikuwapo, nzuri, na zaidi ya watu 300,000 waliipata. Lakini mwezi Desemba 2018 wakubwa wa Kinshasa waliahirisha uchaguzi katika miji ya Beni na Butembo, wakitaja Ebola na ukosefu wa usalama, huku nchi karibu nzima ikipiga kura. Siku iliyofuata waandamanaji walikivamia kituo cha Ebola mjini Beni. Watu wale walikuwa wamenyang'anywa kura zao kwa jina la ugonjwa, na kuanzia hapo ugonjwa wenyewe ukaonekana kuwa ni wa Serikali. Madaktari na wauguzi wasio na hatia wakalipa deni la wanasiasa.

Deni kama hilo linaweza kukusanyika hata kwetu, na hapa tungependa maofisa wasome kwa utulivu. Machi 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka Bukoba Vijijini, mkoani Kagera, Serikali ilitangaza mapema, watu wakajua, na mlipuko ukadhibitiwa baada ya vifo sita. Januari 2025 Marburg ilirudi Kagera, safari hii Biharamulo. Shirika la Afya Duniani lilipotoa taarifa ya washukiwa tarehe 14, jibu la kwanza kutoka Wizarani lilikuwa kwamba vipimo havikuonyesha ugonjwa huo. Tarehe 20 Januari, Rais akiwa Dodoma pamoja na Mkurugenzi Mkuu wa shirika hilo, alithibitisha kwamba Marburg ipo. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 13 Machi.

Siku sita si mwaka mzima, na hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini mama wa Tandale naye huhesabu siku. Kwa hiyo tunaiomba Wizara, ya Bara na ya Visiwani, iweke siku moja maalumu ya juma ambayo hesabu ya maradhi ya kuambukiza itatolewa, ziwe nzuri au mbaya, ibandikwe kwenye mbao za zahanati na kusomwa redioni; na kila hesabu hiyo inaposahihishwa, isemwe ni nani aliyeisahihisha na kwa sababu gani. Hospitali ya Mwananyamala inao ukuta wa kutosha kwa karatasi moja.